Kona ya breketi ya faibaglasi inaachana matabaka: prifomu ya kufuma 3D, felti ya sindano, au kushona?

Breketi_L (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba ushauri wa kitaalamu.

Kuna breketi ya umbo la L, nyuzi za kioo na epoksi (aina ya rezini, yaani gundi inayoganda), inayobeba mota. Unene mm 14, upana mm 80, na ukiinyoosha yote pamoja na kona inafika mm 250. Rediasi ya ndani ya kona ni mm 6. Ni matabaka 30 ya kitambaa cha biaksia 0/90 (nyuzi za pande mbili zinazokatizana) cha gramu 600 kwa mita ya mraba, makavu, rezini inavutwa kwa vakyumu. Kalibu ni dume la alumini (upande wa ndani wa L), upande wa nje ni mfuko wa plastiki wa vakyumu. Mzigo ni kN 2.5 unaovuta mkono ili kona ifunguke, mm 60 kutoka kwenye kona, na unakuja na kuondoka kila mota inapowashwa na kuzimwa.

Nyuso zote mbili zinabaki nzima. Ila ukitazama ubavuni, kwenye kona kuna ufa unaofuata matabaka, kama theluthi moja ya unene kutoka upande wa ndani. Baadaye ufa unatambaa kuingia kwenye mikono na breketi inaanza kucheza.

Nimesoma kwamba dawa ni kuwa na nyuzi zinazopita kwenye unene. Je, niagize prifomu (umbo la nyuzi kavu kabla ya rezini) iliyofumwa 3D, nitumie felti (mkeka wa nyuzi zisizofumwa) iliyodungwa sindano, au nishone matabaka niliyonayo? Vipande vya kwanza ni 40, baadaye huenda vikafika 300 kwa mwaka.

Kalipa

Mkuu, kabla hujanunua uzi wowote piga hesabu ya kona yenyewe. Kona inapofunguliwa, matabaka ya ndani yanavutwa na ya nje yanabanwa. Yale yanayovutwa yanataka kwenda kwenye kitovu cha kona, yale yanayobanwa yanataka kutoka nje. Kati yao kuna rezini peke yake.

Makadirio yanayotosha kwa kazi hii:

mvuto wa kutenganisha = 3M ÷ (2 × t × √(ri × ro))

M ni momenti kwa kila mm ya upana. Kwako ni 2,500 × 60 ÷ 80 = 1,875 N·mm kwa mm. Unene t ni 14, ri (rediasi ya ndani) ni 6, ro (ya nje) ni 20. Jibu ni MPa 18.3 (N 18.3 kwa kila mm²). Tena kilele chake kinakaa kwenye √(ri × ro), yaani mm 11 kutoka kwenye kitovu, ambayo ni mm 5 ndani ya unene ukianzia upande wa ndani. Ndipo ufa wako ulipo.

Epoksi iliyovutwa kwa vakyumu kati ya matabaka ya kioo huachia kati ya MPa 15 na 30 kwa mvuto wa mara moja, kutegemea vipovu. Kwa mzigo unaojirudia nisingeipa zaidi ya nusu. Kwa hiyo breketi yako haina kasoro ya utengenezaji, inafanya kile ilichochorewa kufanya.

Sasa badilisha rediasi tu, unene ubaki ule ule:
ri mm 6: MPa 18.3
ri mm 10: MPa 13.0
ri mm 14: MPa 10.1

Ukiamua kuacha rediasi ya 6 na kuongeza unene hadi mm 18 unapata 13.0 vilevile, lakini kwa kitambaa na rezini zaidi ya robo. Kuchonga upya kalibu ya alumini ni rahisi kuliko hayo yote. Weka 14 kisha ujaribu, huenda usihitaji nyuzi za Z (zile zinazopita kwenye unene) kabisa.

Breketi_L

Asante mkuu, hesabu imenifungua macho. Tatizo ni kwamba ndani ya kona kuna kichwa cha boliti na washa yake. Nikisogeza kila kitu naweza kufika mm 10, zaidi ya hapo mota haikai. Kwa hiyo nabaki na MPa 13.

Mtande_na_Mshindio

Kwa 13 ya kujirudia, nyuzi za Z zina kazi ya kufanya. Ila tuelewane kwanza zinafanya nini. Nyuzi za Z hazizuii ufa wa kwanza kutokea. Rezini itapasuka karibu na mzigo ule ule wa mwanzo. Zinachofanya ni kuushika ufa usitembee: zinaruka kutoka ukingo mmoja wa ufa hadi mwingine na kuubana. Breketi inabaki kazini ikiwa na ufa wa mm chache uliosimama. Kama mteja wako hataki ufa wowote, rudi kwa Kalipa.

Sasa kufuma 3D. Kuna familia mbili utakazokutana nazo sokoni. Ya kwanza ni othogonali: mtande (nyuzi za urefu) umenyooka, mshindio (nyuzi za upana) umenyooka, na uzi wa tatu unapanda na kushuka wima kuvifunga. Nyuzi za kubeba mzigo zinabaki zimenyooka, kwa hiyo ukakamavu ni mzuri, na Z huwa 2% hadi 5% ya nyuzi zote. Ya pili ni ya kufunga tabaka kwa tabaka: nyuzi za mtande zenyewe zinashuka kushika mshindio wa tabaka la chini na kurudi juu. Hapa hakuna uzi wa Z wa pekee. Mtande unakuwa na mawimbi, ukakamavu unashuka, lakini kitambaa kinapinda vizuri zaidi.

Kupinda ndiko kunakoua wengi. Kona ya digrii 90 yenye unene wa mm 14: njia ya uso wa nje ni ndefu kuliko ya uso wa ndani kwa π/2 × 14, yaani mm 22. Haijalishi rediasi ni ngapi, ni 22 tu. Matabaka yako ya sasa yanatatua hilo kwa kuteleza. Ndiyo maana ncha za mikono zinatoka kwa ngazi kama kurasa za kitabu kilichokunjwa. Othogonali haiwezi kuteleza kwa sababu Z imeifunga. Ukiikunja kwenye dume, upande wa ndani unajikunja makunyanzi na nyuzi za Z zinalala. Umelipia nyuzi za wima ukapata za mshazari, na makunyanzi yako yako mahali penye mvuto mkubwa kuliko pote.

Kwa hiyo ukiagiza 3D kwa kona hii, agiza ya tabaka kwa tabaka, au mwambie mfumaji aache ukanda wa kona bila Z ili uukunje halafu ufungwe kwa mkono baadaye, jambo ambalo linafuta sababu ya kuagiza.

Gharama inatoka wapi? Hesabu ya nyuzi itakuonyesha. Unene mm 14, nyuzi 50% kwa ujazo, densiti ya kioo 2.55: 14 × 2.55 × 0.50 × 1,000 = gramu 17,850 kwa mita ya mraba. (Ndiyo maana una matabaka 30 ya 600, umepatia.) Ukigawa mtande 51%, mshindio 45% na Z 4%, mtande pekee ni gramu 9,100. Kwa uzi wa teksi 2,400, yaani gramu 2.4 kwa mita, unahitaji nyuzi 3,790 kwa kila mita ya upana. Kitambaa cha upana wa mm 700 kinataka nyuzi 2,650, na kwa sababu kila tabaka linakula uzi kwa kasi yake, nyuzi hizo hazikai kwenye roli moja: kila moja ina bobini yake kwenye rafu. Kuzipitisha zote kwenye matundu ya mtambo ni kazi ya siku kadhaa kabla hata sentimita moja haijafumwa. Ukitumia teksi 4,800 nyuzi zinapungua nusu, lakini mifuko midogo ya rezini tupu karibu na kila Z inakua.

Kufuma 3D kunalipa pale umbo linaporudiwa maelfu ya mara na hakuna njia nyingine. Feni ya injini ya ndege ya LEAP ya CFM International, iliyoingia kazini 2016, ina bleidi (mapanga) 18 ambapo CFM56-7B, injini iliyoitangulia, ina 24. Kila bleidi ni prifomu moja ya kaboni iliyofumwa 3D, nene shinani na nyembamba nchani kwa sababu nyuzi zinatolewa njiani kadiri ufumaji unavyosonga, kisha rezini inasukumwa kwenye kalibu iliyofungwa. Safran na Albany wanazifuma Rochester huko New Hampshire, Commercy huko Ufaransa, na Querétaro huko Mexico. Bleidi inapigwa na ndege wa angani, matabaka hayana ruhusa ya kuachana. Breketi 40 za mota si bleidi.

SindanoElfu

Naongezea upande wa felti, kwa sababu watu wengi wanadhani ni njia ya mkato.

Kudunga sindano ni hivi: ubao wenye sindano nyingi unapanda na kushuka juu ya mkeka wa nyuzi. Sindano ina ubavu wa pembetatu, na kwenye kona zake kuna vijino vidogo vinavyotazama chini. Ikishuka, vijino vinanasa nyuzi chache na kuzisukuma wima. Ikipanda, vijino havinasi kitu, nyuzi zinabaki ndani. Kijino cha kwanza hakipo nchani kabisa, kiko mm 3 hadi 6 juu yake kutegemea sindano. Kwa hiyo ukiweka mtambo uzame mm 12, nyuzi zenyewe zinafika mm 6 hadi 9 tu. Rundo lako kavu la matabaka 30, kabla ya vakyumu kulibana, litakuwa na zaidi ya mm 14. Nyuzi hazitoki upande wa pili hata kidogo.

Wanaotengeneza prifomu nene hawalidungi rundo lote kwa mpigo. Wanaweka tabaka, wanadunga, wanashusha meza kwa unene wa tabaka moja, wanaweka jingine, wanadunga tena. Kila tabaka linafungwa na machache yaliyo chini yake na kina cha sindano hakibadiliki. Kampuni ya Ufaransa ya SEP ilijenga Novoltex yake kwa msingi huo, kwa ajili ya nozeli za roketi. Diski za breki za kaboni za ndege nazo hutengenezwa kwa njia ya namna hiyo.

Lakini angalia uzi wanaoudunga. Si kaboni iliyokwisha iva. Ni PAN (malighafi ya nyuzi za kaboni) iliyooksidishwa, uzi mweusi unaoweza kurefuka zaidi ya 10% kabla ya kukatika. Kaboni yenyewe inakatika ikirefuka chini ya 2%, na kioo hakifiki 5%. Sindano inapomvuta mmoja wa hawa wawili inamvunja. PAN inakubali kuvutwa wima, halafu prifomu nzima inachomwa bila hewa hadi iwe kaboni (inapoteza karibu nusu ya uzito wake hapo), na mwisho matundu yanajazwa kaboni kutoka kwenye gesi kama methane kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, kwa wiki nyingi. Wakiharakisha, uso unaziba na katikati panabaki patupu. Inabidi kuchonga ngozi ya juu na kurudisha tanurini.

Kwa kitambaa chako cha biaksia: ukikidunga moja kwa moja unavunja nyuzi za kubeba mzigo. Njia ya kupunguza madhara ni kuweka mkeka mwembamba wa nyuzi fupi kati ya matabaka, sindano inase hizo badala ya zile ndefu. Inasaidia, ila kila mkeka unakula nafasi ya nyuzi zilizonyooka.

Na kama unafikiria felti tupu ya kioo badala ya kitambaa: felti iliyodungwa inatoa nyuzi 20% hadi 30% kwa ujazo. Kwa 25% zikiwa zimetawanyika kila upande, ukakamavu ni kama GPa 9.5. Biaksia yako kwa 50% iko kwenye GPa 23 hivi. Ukinzani wa mpindo unafuata E × t³ (E ni ukakamavu, t ni unene), kwa hiyo ili breketi ipinde kiasi kile kile unahitaji unene wa 14 × (23 ÷ 9.5) kwa mzizi wa tatu, karibu mm 19. Kona haitaachana matabaka kwa sababu haina matabaka. Itavunjika kwa namna nyingine.

Mkonge_Tanga

Samahani kuingilia. Kwa felti ya sindano, vipi singa za mkonge? Tunazo, na ninaona magari yanatumia.

SindanoElfu

Kwa breketi ya mota, hapana. Kwa paneli, ndiyo, na ni kazi nzuri.

Kinachotumika kwenye milango na dari za magari ni felti ya nyuzi za mimea zilizochanganywa na nyuzi za polipropilini, mara nyingi nusu kwa nusu kwa uzito. Singa za mkonge zikitoka kwenye korona (mashine ya kuchakata majani ya mkonge) zina urefu wa karibu mita moja. Zikatwe mm 60 hadi 80, la sivyo zinajisokota kwenye roli za mashine ya kuchambua. Singa mbichi ya ghalani ina unyevu wa 10% au zaidi. Ikaushe kwenye nyuzi 100 hadi ibaki na 2% au 3%, maana unyevu huo ukikutana na plastiki iliyoyeyuka unageuka mvuke na paneli inavimba malengelenge. Felti ya gramu 1,800 kwa mita ya mraba ipashwe moto hadi 190 au 200, ihamishiwe haraka kwenye kalibu baridi, ibanwe. Utapata paneli ya mm 2 yenye densiti ya karibu 0.9. Ukivuka 200 na kukaa hapo singa zinaanza kuungua, rangi inakuwa kahawia na harufu utaisikia kabla ya kuona.

Ila fungua mada yako mwenyewe kwa hilo, tusimpotezee Breketi_L mada.

Mtande_na_Mshindio

Nirudi kwa mwenye mada. Kinachobaki ni kushona, na kwa idadi ya 40 ndiko ningeelekea. Kanuni ya kwanza ni ile ya mm 22: kunja kwanza, shona baadaye. Ukilishona rundo likiwa bapa halafu ukalikunja umerudia kosa la othogonali kwa mkono wako.

Usitengeneze breketi moja moja. Tengeneza L ndefu ya mm 700, kisha ikate kwa msumeno wa almasi: vipande 8 vya mm 80 ni 640, mikato 9 ya mm 3 ni 27, zinabaki 33 za kutupa, yaani karibu 16 kila ncha ambako prifomu huwa imelegea. L tano zinakupa 40.

Njia ya mshono: usitumie mshono wa nyuzi mbili unaofungana. Fundo lake linabana matabaka na kupindisha nyuzi pembeni, tena cherehani ya kawaida haiingii kwenye kona ya rediasi 10. Tumia sindano tupu ya kufanya vitanzi kutoka upande mmoja, kama ya mazulia lakini nyembamba, kipenyo kisizidi mm 2. Prifomu ikae imekunjwa kwenye dume la povu gumu lenye umbo la kalibu yako. Tandika filamu nyembamba kati ya povu na prifomu ili chembe za povu zisiingie kwenye nyuzi. Sindano inaingia kutoka nje ikielekea kitovu cha kona, inapita unene wote, inaacha kitanzi cha mm 5 ndani ya povu, inatoka. Hakuna kinachokishika kitanzi zaidi ya msuguano, kwa hiyo ukiondoa povu livute taratibu. Likivutwa kwa pupa vitanzi vinatoka nalo.

Uzi: kioo kilichosokotwa, teksi 150 hivi. Eneo lake ni 0.15 ÷ 2.55 = mm² 0.059, na kila kitanzi kinapita mara mbili, mm² 0.118. Ukipanga vitanzi kila mm 4 kwa mm 4 unapata 0.118 ÷ 16 = 0.7% ya eneo. Kwa mm 3 ni 1.3%. Kwa mm 2.5 ni 1.9%. Chukua 3 kwenye tao lenyewe, 4 pembeni. Chini ya mm 2.5 sindano inaanza kukata zaidi ya inavyofunga. Kwa vyovyote hesabu kwamba utapoteza 10% hadi 20% ya nguvu ya mgandamizo kwenye eneo lililoshonwa, kwa sababu kila tundu linasukuma nyuzi pembeni na kuacha jicho la rezini.

Shona tao na mm 15 kila upande wake, basi. Tao kwenye katikati ya unene ni 17 × π/2, mm 27. Jumla ukanda wa mm 57. Kwa mm 4 kila mahali hiyo ni vitanzi kama 2,500 kwa L moja. Ukibana tao hadi 3 vinafika karibu 3,400. Kwa mkono mtupu ni adhabu, kwa kifaa cha hewa chenye mwongozo wa alumini ni asubuhi moja. Usishone mikono yote mpaka mwisho "kwa usalama": huko hakuna mvuto wa kutenganisha, unaharibu tu kitambaa kizima.

Uzi wa poliesta wa fundi cherehani unashikilia matabaka yasitembee wakati wa kupakia, hauhesabiki kama Z.

VakyumuTupu

Sehemu ya rezini, maana prifomu iliyoshonwa haivuti kama ile uliyozoea.

Kwanza kasi. Rezini ya mnato wa Pa·s 0.3 kwenye nyuzi 25, ikipita ndani ya kitambaa tu kutoka ncha moja hadi nyingine, mm 250, upenyekaji (urahisi wa kitambaa kupitisha rezini) wa m² 3 × 10⁻¹¹ na presha ya Pa 90,000: muda = 0.5 × 0.3 × 0.25² ÷ (2 × 3 × 10⁻¹¹ × 90,000), ambayo ni sekunde 1,736, dakika 29. Inawezekana, lakini muda unakua kwa mraba wa umbali na mnato unapanda huku ukisubiri. Kwa wavu wa kusambazia uliotandikwa upande wa mfuko, rezini inakimbia juu kisha inashuka mm 14 tu za unene, kazi ya dakika chache.

Wavu huo uishie mm 25 hadi 30 kabla ya mwisho wa prifomu upande wa kutolea. Ukiufikisha mpaka mwisho, rezini inapita juu, inafika kwenye paipu ya pampu, unaona imetoka unadhani kazi imekwisha, kumbe tabaka la kwenye alumini bado kavu.

Vitanzi vya Z vinasaidia hapa: kila tundu ni mfereji wa kushukia. Hatari ni kwenye kona. Kwenye dume, mfuko unabana kona zaidi ya mikono, hapo nyuzi zinasongamana na rezini inachelewa, wakati ncha za L zilizokatwa vibaya zina nafasi ambayo rezini inakimbilia. Weka mstari wa kuingizia juu ya kona yenyewe, urefu wote wa mm 700, na kutolea kwenye ncha za mikono miwili. Rezini ianzie mahali pagumu, isiishie hapo.

Kiasi: L ya 700 × 250 × 14 ni cm³ 2,450. Nusu rezini, cm³ 1,225, gramu 1,410. Changanya kilo 2 kwa ajili ya wavu na paipu, lakini si kwenye ndoo moja. Fanya mara mbili za kilo moja, ya pili ichanganywe ya kwanza inapofika nusu. Kilo 2 ndani ya ndoo zinajipasha zenyewe na kuganda kabla hazijafika. Hadena (kigandisha rezini) iwe ya polepole. Kwa unene wa mm 14, hadena ya haraka itakuletea joto katikati na nyufa ndogo kuzunguka kila uzi wa Z, hasa kwenye yale macho ya rezini.

Kabla ya kufungua rezini, funga pampu na usubiri dakika 10. Kipimo kisipande zaidi ya mbar 2. Ikipanda, tafuta tundu. Mara nyingi ni kwenye mikunjo ya mfuko kwenye ncha za kona. Kwenye prifomu iliyoshonwa hewa iliyovuja hupenda kujificha kwenye mashimo ya sindano na kutoka kama mstari wa vipovu, mmoja kwa kila safu ya mshono.

Iva saa 24 kwenye joto la chumba, kisha panda nyuzi 10 kwa saa hadi 80, kaa hapo kadiri karatasi ya muuza rezini inavyosema, na ushuke polepole hivyo hivyo. Usitoe kwenye kalibu juu ya nyuzi 50. Kumbuka pia kona itajifunga kidogo ikipoa kwa sababu unene unasinyaa zaidi ya urefu. Kwa kioo na epoksi bila Z tarajia kama digrii moja. Ikishonwa inapungua, kwani Z inazuia unene kusinyaa. Unapochonga kalibu upya kwa rediasi ya 10, usiweke nyongeza ya pembe kabla ya kupima L ya kwanza iliyoshonwa. Ukitumia ile ya zamani unaweza kujikuta umepitiliza.

Breketi_L

Hapa nimeelewa: rediasi 10, L ya mm 700, kunja kisha vitanzi vya kioo, kuingizia kwenye kona. Swali la mwisho. Nikishakata vipande nitajuaje Z zimepita kweli na nyuzi zimefika 50%? Na vipi nikitumia uzi wa aramidi (jamii ya Kevlar), maana nimeuona kwa bei nzuri?

Kalipa

Vile vipande vya mm 16 vya kutupa ndivyo sampuli zako. Kata kipande cha kona cha gramu 20 hivi, kipime kwenye mizani ya gramu 0.01, kichome tanurini kwenye nyuzi 565 mpaka masizi yaishe na kioo kibaki cheupe, kisha kipime tena. Mfano: gramu 20.00 zikibaki 13.80, nyuzi ni 69% kwa uzito. Kwa ujazo: (0.69 ÷ 2.55) ÷ (0.69 ÷ 2.55 + 0.31 ÷ 1.15) = 50%. Ukipata chini ya 46% kwenye kona, angalia kama mishono imeshikilia matabaka yasibanwe na mfuko.

Usilitupe jivu hilo. Ni mifupa ya prifomu yenyewe. Inua matabaka moja moja kwa kibano: yakikataa kuachana, vitanzi vimepita. Yakinyanyuka kirahisi baada ya tabaka la 18 ukihesabu kutoka nje, sindano haikufika ndani, na hapo ndipo kilele cha mvuto kipo, mm 5.5 kutoka uso wa ndani.

Aramidi ingeungua pamoja na rezini usione kitu. Hiyo ni sababu ndogo. Kubwa ni kwamba inanyonya unyevu na haishikani vizuri na epoksi, kwa hiyo kila mshono unakuwa njia ya maji kuingia katikati ya kona. Ukiitumia, kausha prifomu nzima nyuzi 100 kwa saa kadhaa kabla ya kufunga mfuko, na ziba ubavu uliokatwa kwa rezini. Kwa tofauti ya bei ya uzi wa gramu chache kwa kila breketi, nunua kioo.